Nidhamu Haizaliwi Kambini: Funzo la Daktari Sócrates

Watu wengi wanaposimulia habari za kandanda ya Brazili huanza na Pelé na kuishia katika hesabu ya vikombe. Hawakosei, kwani hata kufikia mwaka 2002 nchi hiyo ilikuwa imekwisha kutwaa Kombe la Dunia mara tano. Lakini yuko kiungo mmoja wa Brazili ambaye hakupata kulishika kombe hilo. Alishindwa mbele ya macho ya ulimwengu mzima mwaka 1982, akashindwa tena mwaka 1986, na bado jina lake lingali linatajwa kwa heshima hata na watu wasiojua matokeo ya mechi hizo. Mtu huyo ni Sócrates Brasileiro Sampaio de Souza Vieira de Oliveira, daktari wa tiba kwa elimu na mchezaji wa mpira kwa kipaji.

Katika makala haya nataka kushikilia hoja moja. Urithi mkubwa wa Daktari Sócrates haumo katika pasi zake za kisigino, ingawa zilikuwa za kupendeza mno. Umo katika swali alilolileta mahali pake pa kazi: je, mtu anayefanya kazi anayo haki ya kuulizwa juu ya kazi yake? Swali hilo linawahusu walimu na watumishi wa serikali pengine kuliko linavyowahusu wachezaji wa mpira, na ndiyo maana yafaa tulitazame kwa makini.

Sócrates alizaliwa tarehe 19 Februari, 1954, katika mji wa Belém, kaskazini mwa Brazili, karibu na mahali mto Amazon unapoingia baharini. Baba yake, Mzee Raimundo, alikuwa mtumishi wa serikali aliyejielimisha mwenyewe kwa kusoma. Alivipenda vitabu vya wanafalsafa na washairi wa Kiyunani hata akawapa wanawe watatu majina ya Sócrates, Sóstenes na Sófocles. Baadaye familia hiyo ilihamia mji wa Ribeirão Preto katika jimbo la São Paulo, na huko ndiko kijana alikokulia na kusomea.

Mwaka 1964, Sócrates akiwa na umri wa miaka kumi, jeshi liliipindua serikali ya Rais João Goulart. Mara nyingi katika maisha yake Sócrates alisimulia jinsi alivyomwona baba yake siku zile akivichoma moto baadhi ya vitabu vyake kwa hofu ya kukamatwa navyo. Hebu na tufikiri maana ya jambo hilo. Mtumishi wa serikali aliyejinyima ili anunue vitabu analazimika kuviteketeza kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mwanawe. Kwa mtoto aliyelelewa kuamini kuwa kitabu ni kitu cha thamani, hakuna hotuba yoyote ya siasa ambayo ingeweza kumfundisha zaidi ya moto ule.

Kijana huyo aliingia chuo cha utabibu cha Ribeirão Preto, kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha São Paulo, na wakati huohuo akawa anaichezea klabu ya Botafogo ya mji huo. Walimu walikuwapo ambao wangemwambia achague moja, na viongozi wa mpira walikuwapo ambao wangemwambia hivyohivyo. Yeye alikataa kuchagua. Aghalabu alikosa mazoezi ili ahudhurie masomo, na akahitimu udaktari mwaka 1977. Mwaka uliofuata ndipo alipohamia klabu kubwa ya Corinthians katika jiji la São Paulo, akiwa tayari na shahada mkononi.

Wale walioshika penseli na kuandika juu ya uchezaji wake walipata taabu kumweleza. Alikuwa mrefu kupita kiasi kwa kiungo, kiasi cha mita moja na sentimita 92, mwembamba, na miguu yake ilikuwa midogo mno kwa kimo chake. Mtu wa umbo hilo hageuki upesi. Basi Sócrates alijifunza kucheza bila kugeuka: mpira ulipomfikia akiwa ameipa mgongo njia aliyoitaka, aliupiga kwa kisigino na kumpasia mwenzake aliyekuwa akikimbia nyuma yake. Watazamaji walidhani ni mbwembwe, kumbe ilikuwa dawa ya udhaifu. Hakuwa mwepesi wa mbio wala mpenzi wa mazoezi makali, lakini alikuwa akiuona uwanja mzima kabla mpira haujamfikia, na hivyo aliwafanya wenzake waonekane wepesi. Aliifungia Corinthians zaidi ya mabao 170, na mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Amerika ya Kusini.

Ili kuelewa alichofanya nje ya mpira, yatupasa kwanza tujue hali ya mchezaji wa Brazili ilivyokuwa katika miaka ile. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi uliodumu tangu mwaka 1964 hadi 1985. Utawala huo ulitambua mapema faida ya mpira. Ushindi wa mwaka 1970 huko Meksiko ulitumiwa na serikali ya Jenerali Médici kujitangaza. Kati ya miaka ya 1975 na 1980 shirikisho la michezo la nchi hiyo liliongozwa na Heleno Nunes, ofisa wa jeshi la majini, na mwalimu wa timu ya taifa katika Kombe la Dunia la mwaka 1978 alikuwa Cláudio Coutinho, kapteni wa jeshi. Kwa hiyo desturi za kambi ya askari ziliingia katika kambi ya wachezaji.

Mchezaji naye alikuwa kama mali. Sheria iliiruhusu klabu kuendelea kumshikilia hata baada ya mkataba wake kwisha, na asingeweza kwenda kucheza kwingine mpaka klabu hiyo ilipwe. Kabla ya kila mechi wachezaji walifungiwa hotelini, hata wenye wake na watoto, kwa sababu viongozi hawakuwaamini kuwa wangelala mapema. Mtu mzima wa miaka thelathini aliambiwa ale nini, alale saa ngapi na anyamaze lini. Kisha siku ya mechi alitakiwa aingie uwanjani na kuamua mambo magumu kwa nukta moja, kwa akili yake mwenyewe. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kuamua jambo lolote siku sita angewezaje kuwa mwamuzi hodari siku ya saba?

Corinthians, klabu iliyoasisiwa na wafanyakazi mwaka 1910, ilikuwa na hali mbaya mwaka 1981. Ilifanya vibaya katika mashindano ya jimbo hata ikabidi ianze mwaka 1982 katika daraja la pili la mashindano ya taifa. Klabu ikapata mwenyekiti mpya, Waldemar Pires, naye akamteua Adílson Monteiro Alves kuwa mkurugenzi wa kandanda. Monteiro Alves alikuwa msomi wa elimu ya jamii, wala hakuwa mtu wa mpira. Badala ya kuwahutubia wachezaji aliwauliza wanafikiri nini. Sócrates, beki Wladimir aliyekuwa mwanachama hodari wa harakati za haki za wachezaji, na kijana Casagrande, walikuwa na majibu mengi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa utaratibu uliokuja kuitwa Demokrasia ya Corinthians. Mambo yote ya timu yalipigiwa kura: saa za mazoezi, safari, mchezaji gani asajiliwe, na hata kama basi lisimame njiani au liendelee. Kura ya mwenyekiti ilikuwa moja, kura ya nahodha ilikuwa moja, na kura ya mkandaji na ya mtunza vifaa ilikuwa moja vilevile. Desturi ya kuwafungia watu hotelini ilijadiliwa, na kwa uamuzi wa wengi lazima hiyo ikaondolewa. Yafaa tukumbuke kwamba katika Brazili ya wakati huo mwananchi asiyejua kusoma na kuandika alikuwa hana haki ya kupiga kura kabisa. Haki hiyo ilirejeshwa mwaka 1985 tu. Miaka mitatu kabla ya hapo, ndani ya klabu ya mpira, hakuna mfanyakazi wa timu aliyeulizwa cheti chake kabla ya kuhesabiwa.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa mlango wa uzembe. Ndivyo walivyosema wengi huko Brazili. Magazeti mengine yaliwaita wachezaji hao wakorofi na wavunja nidhamu, na kila waliposhindwa lawama ilitupiwa kura. Uwanja ukawajibu: Corinthians ilitwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka 1982, na ikautwaa tena mwaka 1983. Lakini mimi nisingependa kuitetea hoja hii kwa vikombe peke yake, maana mwaka 1984 ubingwa huo ulikwenda kwa Santos, na ukweli wa jambo hauwezi kugeuka kila msimu unapokwisha. Utetezi ulio imara zaidi ni huu: mtu aliyeshiriki kuweka kanuni huona haya kuivunja. Mchezaji aliyepiga kura kwamba mazoezi yaanze saa tatu hana wa kumlaumu akichelewa. Kanuni iliyoletwa kutoka juu hulindwa na mlinzi, na mlinzi akisinzia kanuni nayo husinzia.

Katikati ya mambo hayo ilikuja safari ya Hispania, mwezi wa Juni na Julai 1982, Sócrates akiwa nahodha wa timu ya taifa chini ya mwalimu Telê Santana. Yeye, Zico, Falcão na Cerezo walikuwa safu ya viungo ambayo watu wengi wanaiona hadi leo kuwa mojawapo ya zilizo bora katika historia ya mchezo huu. Katika mechi ya kwanza, Umoja wa Kisovieti ukiongoza kwa bao moja, Sócrates aliwahepa walinzi wawili nje ya eneo la hatari na kupiga shuti kali lililosawazisha. Brazili ilishinda 2 kwa 1, ikaifunga Uskochi 4 kwa 1, New Zealand 4 kwa 0, na Argentina 3 kwa 1.

Tarehe 5 Julai, katika uwanja wa Sarrià mjini Barcelona, sare ilikuwa inawatosha mbele ya Italia. Paolo Rossi alifunga, Sócrates akasawazisha. Rossi akafunga tena, Falcão akasawazisha. Badala ya kurudi nyuma na kuilinda sare, Brazili iliendelea kushambulia kama ilivyozoea, na Rossi akafunga bao la tatu. Mchezo ukaisha 3 kwa 2. Tangu siku hiyo wapo wanaosema kwamba uzuri hauna faida. Mimi naona kinyume chake. Washindi wengi wa vikombe wamesahauliwa, na timu iliyoshindwa siku ile inafundishwa hadi leo. Mwalimu wa shule anaielewa hesabu hiyo, kwa kuwa matunda ya kazi yake hayapimwi kwa mtihani mmoja.

Waliporejea nyumbani, wachezaji wa Corinthians waliipeleka hoja yao mbele zaidi. Tarehe 15 Novemba, 1982, wananchi wa Brazili walikuwa wanachagua magavana wa majimbo moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu miaka ya sitini. Wachezaji wakaingia uwanjani na jezi zenye maandishi ya kuwahimiza watu wakapige kura siku hiyo. Hawakutaja chama wala mgombea. Walitaja siku tu. Hata hivyo wakubwa wa michezo hawakupendezwa. Utawala usiopenda kuulizwa huiogopa hata tarehe ya kalenda.

Mwaka 1984 wananchi kwa mamilioni walijitokeza katika miji ya Brazili kudai haki ya kumchagua rais wao wenyewe. Tarehe 16 Aprili umati mkubwa ulikusanyika katika bonde la Anhangabaú, São Paulo, na Sócrates alikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani. Klabu za Italia zilikuwa zinamtaka kwa fedha nyingi. Aliahidi mbele ya umati kwamba marekebisho ya katiba yakipita, hataondoka nchini. Tarehe 25 Aprili wabunge walipiga kura. Zilihitajika kura 320. Waliounga mkono walikuwa 298, waliopinga 65, na 112 hawakuhudhuria. Marekebisho yalianguka kwa upungufu wa kura 22, na Sócrates akaenda Fiorentina.

Funzo la hesabu hiyo ni chungu. Waliopinga waziwazi walikuwa wachache. Walioiangusha haki ile ni wale ambao viti vyao vilikuwa vitupu. Kila mtumishi wa umma ayaweke moyoni matarakimu hayo, kwani mara nyingi neno jema halikosi watu wa kuliunga mkono, bali hukosa watu wa kuhudhuria.

Haifai kumsifu mtu kwa kuficha upungufu wake. Demokrasia ya Corinthians ilikuwa na nyufa. Golikipa Emerson Leão alipojiunga na timu mwaka 1983 hakuukubali utaratibu ule, na hakuwa peke yake. Kwa kuwa wachezaji wachache wenye sauti ndio waliozungumza sana, wengine waliona kwamba kura inapigwa baada ya wakubwa kukubaliana. Baya zaidi, Sócrates alipoondoka mwaka 1984 utaratibu ulilegea, na mwaka 1985 Monteiro Alves alishindwa katika uchaguzi wa uongozi wa klabu. Mambo yakarudi yalikotoka. Utaratibu wa ushirikishwaji unaosimama kwa nguvu za mtu mmoja mashuhuri haujawa utaratibu, bado ni fadhila yake, na fadhila huhama na mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi iliyobaki: kuziandika kanuni, kuwafunza vijana kuzitumia, na kuhakikisha zinaendelea hata wakati mkubwa hayupo.

Vilevile, daktari huyu aliyeijua miili ya watu hakuutunza mwili wake. Alivuta sigara na kunywa pombe kwa miaka mingi, wala hakulificha jambo hilo. Mwaka 1986 huko Guadalajara, katika robo fainali dhidi ya Ufaransa, alipiga penalti karibu bila kukimbia, golikipa Joël Bats akaipangua, na Brazili ikatolewa. Alistaafu mpira mwaka 1989, akafanya kazi ya udaktari na kuandika magazetini juu ya michezo na siasa. Alifariki dunia tarehe 4 Desemba, 2011, akiwa na umri wa miaka 57 tu, baada ya ini lake kuharibika. Siku hiyohiyo, kabla ya mechi iliyowapa Corinthians ubingwa wa Brazili, wachezaji na mashabiki walisimama wakainua ngumi ya mkono wa kulia, kama alivyozoea kufanya yeye alipofunga bao. Vijana wanaompenda wamwige katika mengi, lakini si katika chupa.

Na kile alichokipanda kiliota, ingawa kwa kuchelewa. Utawala wa kijeshi ulikoma mwaka 1985, katiba mpya ikapatikana mwaka 1988, na mwaka 1989 Wabrazili walimchagua rais kwa kura zao wenyewe. Sheria ya mwaka 1998, inayojulikana kwa jina la Pelé aliyekuwa waziri wa michezo, ilifuta mamlaka ya klabu ya kumshikilia mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Mwaka 2022, huko Ufaransa, ilianzishwa tuzo yenye jina la Sócrates kwa ajili ya wachezaji wanaoitumikia jamii, na wa kwanza kuipokea alikuwa Mwafrika, Sadio Mané wa Senegal, aliyesaidia kujenga shule na hospitali katika kijiji chake cha Bambali.

Basi ndugu msomaji, wewe unayesimamia darasa au idara, jiulize maswali machache. Ratiba iliyobandikwa ukutani ilijadiliwa na nani? Mhudumu wa ofisi akiwa na wazo jema, analipeleka wapi? Mwanafunzi hodari wa mpira analazimishwa kuacha vitabu, au hodari wa vitabu analazimishwa kuacha mpira? Majibu ya maswali hayo hayahitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka mbali. Yanahitaji mkubwa mmoja awe na moyo wa kuhesabiwa kama mtu mmoja miongoni mwa wengine.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sócrates alikuwa kidole kirefu kupita vyote katika timu yake, na bado alisisitiza kwamba kura yake ni moja. Anayetaka kumuenzi na aanze hapo, katika kikao kijacho cha wafanyakazi, kwa kufika mapema, kusema analolifikiri, na kuuheshimu uamuzi wa wengi hata pale anaposhindwa.